Ushauri nasaha chuoni: mwongozo wa kazi kwa wanasihi wa Unguja na Pemba

Unguja na Pemba ni visiwa vya watu wanaojuana. Mwanafunzi akionekana anaingia ofisi ya mnasihi saa 4 asubuhi, alasiri mama yake kule Mkwajuni anaweza kuwa ameshapigiwa simu kuulizwa mtoto ana nini. Wanafunzi wanalijua hilo kuliko mtu yeyote, na wengi hawaji kabisa kwa sababu hiyo moja. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na chumba, daftari na simu, kisha ndio yanafuata mazungumzo. Mnasihi hodari ambaye chumba chake kinavujisha maneno atakaa peke yake mwaka mzima.

Chumba

Kataa chumba kilichopakana na ofisi ya nidhamu au dirisha la ada. Kataa pia kibao kinachosema "Ushauri Nasaha" peke yake. Omba mlango wenye kibao cha "Huduma za Wanafunzi", ambapo watu wanafuata barua za mkopo, nafasi za dakhalia na vitambulisho. Anayeingia hapo anaweza kuwa amefuata lolote, na hakuna wa kumhesabia.

Usiweke benchi la kusubiria ukumbini. Toa miadi, na baina ya mwanafunzi na mwanafunzi acha dakika 15 ili anayetoka asikutane na anayeingia. Ijumaa usipange mtu baada ya saa 5 asubuhi. Mwezi wa Ramadhani rudisha vikao vyote asubuhi, kwani baada ya saa 8 mchana mtu aliyeamkia daku hana tena nguvu ya kulia wala ya kufikiri.

Kupima sauti ni kazi ya dakika mbili: mmoja anasoma gazeti ndani kwa sauti ya kawaida, mwengine anasimama nje ya mlango na mwengine chumba cha jirani. Kuta za plaiwudi karibu zote zinashindwa mtihani huu. Feni ikiwashwa inasaidia kidogo, rafu ya vitabu iliyojazwa ikisimamishwa ukutani inasaidia zaidi.

Viti viwili vikae kwa pembe, bila meza katikati, na cha mwanafunzi kiwe karibu na mlango. Saa ya ukutani itundikwe nyuma ya mwanafunzi ili uione bila kutazama mkono. Maji ya kunywa, karatasi laini za kufutia uso, basi.

Linabaki suala la mlango, na hapa wanasihi wengi wanatatizika. Mwanamke na mwanamme wasio maharimu kufungiana chumbani ni jambo ambalo mwanafunzi mwenyewe, wazee wake na uongozi wa chuo hawataliridhia, na ukilazimisha utampoteza mwanafunzi kabla hujamsikiliza. Mlango ukiachwa wazi, siri imekwenda. Njia inayofanya kazi ni mlango wenye kioo usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama: anayepita anaona kuwa kuna watu wawili wameketi, ila hasikii neno, na kiti cha mwanafunzi kikigeuzwa vizuri haonekani uso. Chuo kiwe na mnasihi wa kike na wa kiume, na mwanafunzi aulizwe anamtaka nani wakati wa kuweka miadi, asiachiwe kuomba mwenyewe. Kama mnasihi ni mmoja tu, mwanafunzi aruhusiwe kuja na mwenzake atakayekaa nje, mahali anapoonana naye kupitia kioo.

Daftari na simu

Kila mwanafunzi ana namba, na faili linabeba namba hiyo tu. Orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye kabati jengine, ufunguo mwengine. Ndani ya faili andika tarehe, shida kwa sentensi mbili, kama umeuliza kuhusu kujiua na jibu alilotoa, mlichokubaliana, na tarehe ya kurudi. Jina la mchumba, la mhadhiri anayetajwa, kisa chenyewe cha nyumbani: hayo hayaandikwi isipokuwa yanahitajika kwa usalama wake. Faili linaweza kuombwa na mahakama, na linaweza pia kusomwa na mtu wa usafi.

Simu ya kazi iwe mbali na simu yako binafsi. Zima taarifa za WhatsApp zinazojitokeza juu ya kioo, na mwambie mwanafunzi afanye hivyo kwake, maana simu nyingi za hapa zinashikwa na ndugu watatu. Ujumbe wa kumkumbusha miadi uwe mkavu: "Kesho saa 4, ofisi ya huduma." Neno ushauri lisiwemo.

Mkikutana Darajani, msikitini au harusini, yeye ndiye atakayeamua kama mnajuana. Akikusalimia, itikia na upite. Na kama ni jamaa yako, au mtoto wa jirani, mwambie mapema kwamba mnasihi mwengine atamfaa zaidi, umpeleke mwenyewe hadi kwa huyo. Muhali una nguvu hapa. Ataona haya kukukataa hata kama hataki kukwambia kitu.

Kikao cha kwanza

Chukua dakika 50. Zigawe hivi.

1. Dakika 5 za mwanzo ni za salamu na mipaka. Itikia shikamoo yake, muulize alivyosafiri. Jua tu kwamba "watu wa nyumbani hawajambo" ni jawabu la adabu, hata nyumba ikiwa inaungua. Kisha sema wazi: "Unayoniambia yanabaki hapa. Mambo matatu ndiyo yatakayonilazimu kumshirikisha mtu mwengine: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukiwa na nia ya kumdhuru mtu, au mtoto wa chini ya miaka 18 akiwa anadhalilishwa. Na hata hapo wewe ndiye utakayejua mwanzo." Wapo watakaokutaka uape. Usiape. Ukishaapa kutosema lolote, siku hatari ikija utavunja kiapo au utamwacha mtu aangamie.

2. Dakika 20 ni zake. Swali la kufungulia ni "Nini kimekuleta leo, na siyo wiki iliyopita?" Swali hilo linaleta tukio, "una tatizo gani" linaleta kimya. Utasikia kwanza kuhusu mwili: kichwa kinauma, usingizi haupatikani, moyo unakwenda mbio. Yapokee kama yalivyo, muulize yalianza lini na siku hiyo kulitokea nini. Usikimbilie kunasihi kwa aya na hadithi. Atatikisa kichwa kwa heshima, ataaga, na hatarudi. Tunashauri pia usimwite "mwanangu". Ukishakuwa mzazi, atakupa majibu anayowapa wazazi.

3. Dakika 10 za kupima. Uliza kuhusu usingizi, chakula, vipindi alivyokosa, vitu anavyotumia, na kujiua. Dodoso la PHQ-9, la kupima hali ya huzuni, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 inahitaji uchunguzi wa karibu. Lisome kwa sauti, usimpe karatasi ajaze kama mtihani. Angalia lakini: Ramadhani maswali ya usingizi na hamu ya kula yanapandisha alama bila maradhi, na wiki ya mitihani vivyo hivyo. Swali la 9, la kutamani kufa, likipata alama yoyote zaidi ya 0, acha mengine uingie kwenye sehemu ya hatari hapo chini.

4. Dakika 10 za kukubaliana jambo moja dogo. Mwanafunzi anayelala dakhalia kutwa asiambiwe "jitahidi". Apangiwe: kesho baada ya sala ya alasiri, kutembea dakika 20 na mwenzake anayemtaja kwa jina, kisha aandike alivyojisikia kabla na baada. Hali ya huzuni inamfanya mtu asubiri apate hamu ndipo atende. Kitendo kidogo kilichopangiwa saa ndicho kinachoitangulia hamu. Mwenye wasiwasi mfundishe kupumua hapo hapo: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6, dakika 5, mara mbili kwa siku, akianza siku ambazo hana shida. Anayejaribu mara ya kwanza katikati ya hofu huona haifai.

5. Dakika 5 za mwisho ni za miadi ijayo na namba ya simu.

Kwa wengi, vikao vitano vya wiki hadi wiki vinatosha. Ukiona umefika cha nane na hakuna kilichobadilika, mpeleke mbele.

Fedha na mitihani

Muulize kila mwanafunzi: "Tangu jana asubuhi umekula nini?" Sehemu kubwa ya wanaokuja na kizunguzungu, hasira na kushindwa kusoma wana njaa, au bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, limechelewa na wanadaiwa dukani. Mazungumzo hayashibishi. Jua kwa jina ni nani anayeshughulika na malalamiko katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na kwa wanaokopeshwa na bodi ya Tanzania Bara, ni nani chuoni anayeshika orodha ya saini. Kwa ada iliyokwama, andika barua ya utambulisho kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayosimamia pia zaka. Iambatanishwe na barua ya sheha na hesabu ya deni kutoka chuoni. Barua bila hesabu ya deni hurudi.

Kanuni za mitihani za chuo chako zisome mpaka uzijue kwa ukurasa, hasa kuahirisha masomo. Kosa linalorudiwa kila muhula ni hili: mwanafunzi anaumwa au amefiwa, haendi mtihani, anakaa kimya kwa aibu, anakuja baada ya matokeo akiwa ameshadisko, yaani ameondolewa masomoni. Ombi la kuahirisha huwa na nguvu likiwasilishwa kabla ya mtihani, na cheti cha daktari. Barua yako isieleze ugonjwa. "Anapata huduma ya afya na anahitaji muda" inatosha. Ukiandika zaidi, karatasi hiyo itapita mikono sita.

Mwanafunzi wa Pemba anayesoma Unguja na ambaye haendi nyumbani likizo hata nauli ikiwepo, muulize kuhusu boti. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, MV Skagit ikafuata Julai 2012. Waliokuwa watoto wadogo nyumba ilipofiwa ni watu wazima sasa, na wapo wanaoikwepa bahari bila kumwambia mtu sababu.

Akianguka au "akipandisha"

Usibishane kuhusu majini. Familia ina imani yake, na wewe una kazi ya kuhakikisha mtu hadhuriki na kwamba maradhi yanayotibika hayaachwi.

Mtu akianguka na kutetemeka: mlaze ubavu, toa pini za mtandio na legeza buibui shingoni, sogeza viti, usimtie kitu mdomoni, usimshike kwa nguvu, tazama saa. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazindukana, ni gari na hospitali. Baadaye uliza: aling'ata ulimi? Alijikojolea? Alilala usingizi mzito baada ya hapo? Hana kumbukumbu? Majibu ya ndiyo yanaelekeza kwenye kifafa, na kifafa kina dawa. Mwenye kifafa aonane na daktari mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, si wakati wa mfungo. Dozi za mchana zinahitaji kupangwa upya, na usingizi unaokatika kwa daku peke yake unaweza kuleta degedege.

Wakianguka wasichana wengi dakhalia kwa pamoja, watenganishe vyumba tofauti, ondoa watazamaji, punguza sauti, zuia simu zisipige picha, wape maji. Kisomo cha hadhara kwa kipaza sauti mara nyingi huongeza idadi ya wanaoanguka. Kisomo cha utulivu kwa anayekitaka hakina ubaya, kikienda sambamba na hospitali. Pale mtu anapopigwa, kufungwa, kunyimwa chakula au kuambiwa aache dawa, hapo simama imara.

Hatari ya kujiua

Uliza kwa neno lenyewe: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo. Wanafunzi wetu watatumia maneno ya kuzunguka, "bora Mungu anichukue", "nimechoka na dunia", na mnasihi mwoga atazunguka nao. Usianze na "ni haramu"; analijua hilo tangu chuo cha Kurani, na ukilitanguliza amefunga mdomo. Akilitaja mwenyewe kuwa ndilo linalomzuia, lipokee na uliandike, kwani ni kinga yake.

Akijibu ndiyo, uliza: kwa njia gani, ana kitu hicho sasa, lini, amewahi kujaribu? Mwenye njia, kitu na wakati haachwi peke yake hata kwenda chooni. Mnakwenda hospitali wewe naye, siyo yeye na mlinzi. Kwa Unguja, Mnazi Mmoja kwa dharura ya mwili na Kidongo Chekundu kwa maradhi ya akili. Pemba, anzia hospitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee ya Mkoani. Aliyemeza vidonge vingi vya parasetamoli aende saa hiyo hiyo hata kama anacheka: siku ya kwanza huonekana mzima, na ini huharibika siku ya pili na ya tatu.

Mwenye mawazo bila mpango, andikeni naye karatasi moja, kwa mwandiko wake: dalili kwamba hali inaanza kuwa mbaya, anachoweza kufanya peke yake, mahali pa kwenda penye watu, watu wawili wa kuwaambia, na simu zao, mnasihi na hospitali, na jinsi ya kuondoa vitu vya hatari karibu naye. Hilo la mwisho ndilo linalookoa zaidi na ndilo linalosahauliwa. Dawa ya panya itolewe chumbani, vidonge akabidhiwe mwengine atoe dozi ya siku, leo hii. Mpigie ndani ya saa 24. Aliyetoka hospitali mwone ndani ya siku 7, kwani wiki ya kwanza baada ya kurudi ni ya hatari kubwa.

Udhalilishaji

Kwa aliyebakwa au kuingiliwa kwa nguvu, saa zinahesabika. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Ya kuzuia mimba vivyo hivyo. Mwambie asioge na asifue. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kila moja mbali; mfuko wa plastiki unaleta unyevu na kuharibu ushahidi. Kama ameshaoga, aende hivyo hivyo. Pa kwenda ni kituo cha Mkono kwa Mkono, Mnazi Mmoja kwa Unguja na Chake Chake kwa Pemba, ambako daktari, polisi na afisa ustawi wa jamii wako pamoja. Mpeleke, ukae nje umsubiri, umrudishe.

Wewe usimhoji kisa kizima. Andika maneno yake machache kama alivyoyasema, na saa. Ukiuliza sana, maelezo yatatofautiana na ya polisi na kesi itadhoofika. Aliye mtu mzima ana haki ya kupata matibabu na kuamua baadaye kuhusu kesi. Vyuo vya cheti vina wanafunzi wa miaka 16 na 17. Hao kwa Sheria ya Mtoto ya 2011 ni watoto, na suala lazima liripotiwe. Simu 116 inapokea taarifa za watoto.

Shinikizo litakuja: jamaa wa pande mbili wakae, yaishe, pengine waozeshwe. Hapa muhali huvaa nguo ya sitara. Usikubali kikao hicho kifanyike ofisini kwako, wala usiwe mjumbe wake.

Rushwa ya ngono kwa alama ina njia yake: ujumbe usifutwe, upigwe picha na kutumwa kwa mtu anayemwamini, mwanafunzi asiende kukabiliana na mhadhiri peke yake, na taarifa ifike ZAECA, mamlaka ya kupambana na rushwa Zanzibar.

Wazee wakija

Baba atakuja, atakaa, atauliza mtoto wake anasema nini. Mpokee kwa heshima zote na usikiri hata kwamba mwanafunzi amewahi kufika. "Mzee wangu, kwa kanuni ya ofisi hii sisemi nani anakuja wala nani haji, wa kwako wala wa mwengine. Lakini wewe unaweza kunieleza linalokushughulisha." Mara nyingi atakueleza mengi. Kisha mwambie kwamba utamjulisha mwanafunzi, endapo utaonana naye, kuwa mzee alifika. Usimfiche mwanafunzi ujio huo. Akikubali kikao cha pamoja, kubalianeni kabla, jambo kwa jambo, lipi litasemwa na nani atalisema.

Kumpeleka mbele

Jina la Kidongo Chekundu linawatisha watu. Eleza kwamba wengi wanaohudhuria kliniki wanaingia asubuhi na kutoka mchana. Barua iwe kwenye bahasha iliyofungwa, bila maneno "mgonjwa wa akili" juu yake, na mara ya kwanza mfuatane. Dawa za huzuni huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonesha faida, wakati madhara madogo, kama kichefuchefu, hutangulia. Asipoambiwa hilo ataziacha siku ya tano. Anayetumia unga, yaani heroini, anaweza kupata Kidongo Chekundu methadoni inayoshika nafasi ya unga, ila ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo ratiba ya vipindi vyake inabidi irekebishwe. Iombe kwa sababu za kiafya, basi. Methadoni haimfai mtumiaji wa bangi. Nyumba za upataji nafuu, soba hausi za mitaani, zitembelee mwenyewe kabla ya kumpeleka mtu: uliza kama mkaazi anaruhusiwa kuondoka, na nani anasimamia dawa.

Ukiondoka kazini

Mwezi mmoja kabla, mwambie kila mwanafunzi anayeendelea kwamba unaondoka na umuulize kama faili lake likabidhiwe au lifungwe. Wanaokubali, wakutanishe na mnasihi mpya kwa kikao kimoja cha watatu. Orodha ya majina mkabidhi huyo mkono kwa mkono, isipite masjala. Futa mazungumzo yote kwenye simu ya kazi, lakini laini ibaki ile ile, kwani namba hiyo imeandikwa kwenye karatasi za watu ambao wanaweza kuipiga usiku mmoja miaka miwili baadaye.